Masuke ya Sukari

Apolinaria alipofunua kitambaa alfajiri ile, maua yalikuwa yamelala. Hayakuvunjika, kama yangevunjika angeyaunga. Yalikuwa yamelegea. Masuke ya ngano yameinamisha vichwa, zabibu zimeshikana na kuwa bonge moja, na mawaridi yamesinyaa kama majani ya maboga saa ya jua kali. Mvua ya kwanza kubwa ya mwaka ule wa hamsini na moja ilikuwa imenyesha Tabora usiku kucha, na sukari, kama chumvi, haivumilii unyevu.

Keki yenyewe haikuwa na neno. Ilikaa mezani, nyeupe, imesimama sawasawa, ikingoja kupambwa. Siku ile mwanawe Justus, aliyepewa upadre juzi mikononi mwa Askofu, angesoma Misa yake ya kwanza katika kanisa alilobatiziwa, na baada ya Misa watu wangekula chini ya turubai kwenye uwanja wa misioni. Keki ya padre mpya ilikuwa jambo geni. Wanawake wa parokia walikuwa wamekwisha kuulizana kama kweli Apolinaria ataweza kutengeneza kitu kile cha Kizungu, au atawaaibisha.

Kazi ile alifundishwa na Sista Bernadeta, Mzungu mfupi mwenye miwani, siku alizokuwa mpishi wa masista. Sukari laini, ute wa yai, na unga wa gundi unaofanya mchanganyiko ushikane, ukauke, uwe mgumu kama kaure. Sista alikuwa akiletewa unga wake ndani ya kopo kutoka Ulaya. Alipoondoka na kopo likaisha, Apolinaria alijifunza mwenyewe kutumia gundi ya mgunga, ile inayotoka kwenye gome kama machozi ya rangi ya asali. Aliitwanga, akaichekecha kwa kitambaa chembamba mpaka ikawa unga mweupe. Ngano hakupata kuiona shambani, wala zabibu hakupata kuzitia mdomoni. Alizijua kwa picha takatifu ya Sista. Lakini hizo ndizo mkate na divai, na mwanawe alikuwa padre. Basi alizifinyanga punje kwa punje, huku akisali.

"Sylvester," aliita. "Maua yameharibika."

Mumewe alikuwa ukumbini akipaka viatu rangi. Sylvester alikuwa nyapara wa wapagazi wa stesheni, mtu aliyezoea kushindana na sauti ya gari moshi, na hata nyumbani sauti yake haikushuka.

"Yameharibikaje?"

"Yamelegea. Unyevu."

"Basi yatengeneze tena. Au unataka niyatengeneze mimi? Nimealika stesheni nzima, Apolinaria. Nimemwalika hata yule Mgoa wa tiketi."

"Nitayatengeneza. Naogopa kuchelewa kanisani."

"Usichelewe. Leo tunakaa benchi ya mbele."

Benchi ya mbele yeye hakuijali. Kitu alichokuwa akikingoja kilikuwa hatua chache mbele ya benchi hiyo. Justus aliondoka nyumbani kwenda seminari akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, kwa sababu hakuwa na viatu. Tangu hapo alikuja wakati wa likizo kama mgeni, akala kama mgeni, akarudi kulala misioni. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Nyumba ilikaa kimya, Sylvester akaizoea stesheni, na Apolinaria akawa na ombi moja tu kwa Mungu: siku moja apige magoti mbele ya mtoto yule, naye amwekee hostia, mkate mtakatifu wa Komunyo, ulimini kwa mkono wake. Nilimlisha uji, alikuwa akimwambia jirani yake Zamda, naye atanilisha Bwana. Na ilikuwa siku ile au basi, kwa maana alasiri Justus angepanda lori la misioni kwenda kituo cha porini, kusini kabisa, kupita Sikonge, kabla mvua haijafunga njia. Huko mapadre hawarudi ovyo.

Aliyatupa maua kwenye bakuli, akaanza upya.

*

"Hodi hapa kwa mama wa Padre!"

"Karibu, Zamda. Ingia uuone msiba wangu."

Zamda aliingia akipangusa tope miguuni. Alikuwa mama wa Kiislamu, muuza udi, ubani na dawa za mitishamba, na nyumba yake ilitazamana na ya Apolinaria. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akakusudia kufika Ujiji, akaoa Tabora na Ujiji asiione mpaka kufa. Aliinama juu ya bakuli.

"Shoga, hizi zilikuwa zabibu? Mbona mavi ya mbuzi?"

Apolinaria alicheka bila kutaka. "Usinichekeshe, nitalia."

"Niliisikia ile mvua nikasema, leo Mnyamwezi wangu atalia." Zamda alifungua pindo la khanga, akatoa kifurushi. "Gundi hiyo. Kavu, nzuri, imetoka upande wa Goweko. Lete kinu."

Walitwanga kwa zamu. Unga ulipopatikana Apolinaria aliutia kwenye sukari, akakanda, akaongeza, akakanda tena. Kwa kawaida kijiko kilichojaa kilitosha. Safari hii alizidisha, maana hapakuwa na siku nzima ya kuyaacha maua yakauke. Ilibidi yakauke pembeni mwa jiko la mkaa, juu ya bati lililofunikwa karatasi.

"Ukizidisha yatakuwa mawe," alisema Zamda.

"Afadhali mawe."

"Wazee wenu watang'oka meno, Mtusi yule wa dispensari apate kazi."

Vidole vya Apolinaria vilikwenda mbio. Punje, punje, punje, kikonyo. Kila alipokanda bonge jipya alifanya kama alivyofundishwa na Sista: alichukua kipande kidogo sana akakiweka ulimini. Kikiyeyuka, unga haujatosha. Kikishika ulimi na kuuvuta, unga umetosha. Bonge la kwanza lilishika. La pili likashika vizuri zaidi, likaganda juu kwenye kaakaa, na wakati huo kengele ya kwanza ya kanisa ikalia.

Mikono yake ilisimama.

"Zamda."

"Nini?"

"Nimeonja."

"Na si vizuri? Kuna kasoro gani?"

"Nimefunga, Zamda! Anayekomunika hali wala hanywi tangu saa sita ya usiku. Hata maji." Aliinama kwenye jivu akatema, akatema tena. Alijifuta ulimi kwa upindo wa khanga. Mtungi wa maji ulikuwa hapo karibu, lakini kusukutua hakuthubutu, asije akameza tone akazidisha kosa juu ya kosa. Gundi ilibaki kaakaani, na utamu wake ulishuka polepole pamoja na mate, hata alipojizuia kumeza.

Zamda alimtazama, na mzaha ukamtoka.

"Ulikusudia?"

"Nilisahau. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Basi sikiliza. Kwetu mtu akila mchana wa Ramadhani kwa kusahau, saumu yake iko palepale. Tunasema ni Mungu amemlisha na kumnywesha."

"Ndivyo mnavyosema?"

"Ndivyo. Anamaliza siku yake kama kawaida."

Apolinaria alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Kwenu kuzuri," alisema.

"Basi kopa kwetu leo tu."

"Hakukopeki, dada."

Zamda alishusha sauti. "Na nani ameona? Mimi. Na mimi niende misioni nikamwambie nani?"

Apolinaria alimaliza maua kwa sababu yalikuwa lazima yamalizwe. Yalikauka haraka, meupe, makavu, yakilia kama vigae ukiyagonga kwa ukucha. Aliyapandisha juu ya keki moja moja. Hakuna ua lililoanguka. Alikuwa hajapata kutengeneza mazuri kama yale.

*

Sylvester aliposikia, kwanza hakuelewa.

"Umekula?"

"Nimeonja maua."

"Kuonja si kula. Vaa viatu twende."

"Ndivyo tulivyofundishwa, Sylvester. Chochote."

"Apolinaria." Alikuwa amekwisha kuvaa koti jipya, na lilimbana mabegani hata akazungumza kama mtu aliyeshikwa. "Mama wa Padre akibaki benchini siku ya Misa ya kwanza ya mwanawe, watu watasema nini? Watasema ana dhambi. Watauliza dhambi gani hiyo asiyoweza kuungama. Watanitazama na mimi! Unataka wapagazi wanicheke stesheni?"

"Nitamwuliza padre kwanza."

"Uliza. Lakini uje na jibu zuri."

Apolinaria alitangulia kwa miguu, akipita kando ya madimbwi. Nyuma ya kanisa, mbele ya mlango wa sakristia, chumba cha mapadre cha kuvalia, alisimama Kasimiri, katekista mkuu, amevaa kanzu iliyonyooshwa na rozari kubwa shingoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina, mama wa Padre. Keki imefika?"

"Inaletwa. Naomba kumwona Padre Mkubwa."

"Yuko na Askofu. Haiwezekani."

"Basi naomba nimwone mwanangu, kidogo tu."

Kasimiri alitabasamu kama mtu mwenye ufunguo. "Anajiandaa kwa sala. Asubuhi hii si mwanao, mama, ni mwana wa Kanisa. Una shida gani? Niambie mimi."

Wanakwaya walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza. Apolinaria alikaza khanga yake.

"Kuna mtu ameonja kitu kwa kusahau. Anauliza kama anaweza kukomunika."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mwambie mtu huyo, hata tone la maji. Mtoto wa Komunyo ya kwanza analijua hilo."

"Hata kama alitema?"

"Aliweka mdomoni, hakuweka?"

"Aliweka."

"Basi." Wanakwaya wakacheka kidogo, kwa heshima, na Kasimiri akafurahi kwamba wamecheka. "Mwambie asubiri kesho. Yesu hakimbii."

Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Kupitia mwanya ule Apolinaria aliona mgongo wa Justus, amevaa alba nyeupe mpaka miguuni, ameinamia stola, ule ukanda wa shingoni, anaibusu. Alikuwa karibu kiasi kwamba angeita kwa sauti ya chini angesikia. Alifungua mdomo. Lakini amwiteje? Akisema Justus, Kasimiri atamkemea. Akisema Padre, mapadre wote watageuka. Na mtu anasali. Alifunga mdomo, akazunguka kwenda mlango wa mbele.

*

Kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walitoka Urambo kwa gari moshi, wengine Sikonge kwa baiskeli, magauni yamepigwa tope mgongoni. Sauti ya Justus ilipanda juu ya Kilatini bila kuteleza, na kila ilipopanda Sylvester aligeuza shingo kidogo kuona kama Mgoa wa tiketi anasikia.

Apolinaria alisali, lakini sala yake ilikuwa ileile ikizunguka. Alijua angeweza kwenda. Hatua zilikuwa chache. Zamda yuko nyumbani, Kasimiri hajui ni nani, Sylvester anataka aende. Aliyebaki ni Mungu peke yake, na Mungu ndiye aliyekuwa akienda kumpokea. Utamwingizaje mtu nyumbani kwako kwa mlango wa wizi, halafu umwambie karibu?

Kengele ikalia. Wazazi ndio walioitwa kwanza. Sylvester alisimama, akangoja, akamgusa bega. Akamgusa tena kwa nguvu.

"Simama," alinong'ona.

Alitikisa kichwa.

Sylvester akaenda peke yake, na koti lake likaonekana jembamba. Justus alimkomunisha baba yake, kisha akahamia kando, mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya mama. Mkono ulikuwa umekwisha kunyanyua hostia. Hapakuwa na mtu pale. Aliinua macho, akamwona mama yake amepiga magoti benchini, mikono imefunika mdomo. Mkono ulikaa hewani. Mtumishi wa Misa aliyeshika sahani alimtazama padre, akatazama benchi, akatazama tena padre. Kisha Justus akairudisha hostia kwenye kikombe, akasogea kwa mtu mwingine, na nyuma ya Apolinaria minong'ono ikapita benchi kwa benchi kama upepo kwenye mtama.

*

Keki ilisifiwa. Askofu mwenyewe aliizunguka, akauliza mawaridi yale yametoka wapi. Watoto walipewa masuke wakayafyonza kama peremende, maana hayakutafunika. Wanawake walimpongeza Apolinaria mmoja mmoja, na kila mmoja aliondoka upesi baada ya kupongeza.

"Kazi nzuri, mama," alisema mmoja wao, mke wa karani. "Mikono yako haina doa."

Alilikazia neno mikono. Apolinaria akasema asante, na mke wa karani akaenda kukaa na wenzake, nao wakasogeza vichwa pamoja. Upande wa pili wa turubai Sylvester alicheka kwa sauti kubwa na watu wa stesheni, akampa mkewe mgongo tangu mwanzo wa chakula mpaka mwisho.

Lori la misioni lilikuwa linapakiwa Justus alipomfuata nyuma ya jiko la masista, alikokwenda kuosha masufuria ambayo hakuna aliyemwomba ayaoshe.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre," alisema.

"Milele amina. Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Walisimama. Justus alikuwa mrefu kuliko alivyomkumbuka kila mara alipomkumbuka.

"Mama, mbona hukuja?"

"Nilifungua, Padre. Bila kukusudia. Maua yalilegea kwa mvua, nikayafanya upya asubuhi, nikaonja ili nijue kama gundi inatosha. Ndivyo nilivyofundishwa. Nilikuwa nimesahau."

"Ulimeza?"

"Nilitema. Nilitema yote. Lakini utamu ulikwenda na mate."

Apolinaria alimtazama usoni, na ndani ya ule uso wa padre akaona taya likikazwa, kama lilivyokazwa zamani mtoto yule alipovunja kitu asijue aanzeje kukieleza.

"Sema," alisema.

"Si kitu, Mama. Ulifanya vizuri kuogopa."

"Sema, Padre. Usinifiche. Mimi si mtoto."

"Tulifundishwa habari ya wapishi," alisema Justus. "Mpishi akionja akatema, hata kikibaki kidogo kikaenda na mate, hajafungua. Kitabu kinawataja wapishi hasa."

"Wapishi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ningeweza kuja."

"Ungeweza kuja, Mayu," alisema, akimwita kwa neno la nyumbani. "Nilikungoja. Nilidhani kuna jambo baya. Nimesoma Misa yote iliyobaki nikidhani kuna jambo baya. Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuja. Nilikuwa mlangoni pale, nikakuona mgongo."

"Si ungeita!"

"Ulikuwa unasali."

Alilia, padre wa siku mbili, amesimama katikati ya masufuria. Apolinaria aliinua upindo wa khanga yake, akausimamisha njiani, kwa kuwa hakujua kama mwanamke anaruhusiwa kumgusa padre usoni. Kisha akamfuta, shavu moja, halafu la pili.

"Yesu aliniona pale benchini?" aliuliza.

"Alikuona."

"Alijua nilikuwa nataka kuja?"

"Alijua."

"Basi inatosha. Nenda, usichelewe. Mvua inarudi."

Aliyasema kwa kuwa mtoto hasafirishwi akiwa na uzito moyoni. Honi ya lori ililia, na sauti ya Kasimiri ikaita, "Padre! Padre Justus!" Justus akanawa uso kwenye beseni la masufuria, akaweka mkono juu ya kichwa cha mama yake, akambariki haraka, akaenda. Lori lilipita kona ya barabara ya zamani likitupa tope pande zote. Watu walipunga mikono. Apolinaria alikuwa bado nyuma ya jiko, na hakuliona likiondoka. Alilisikia tu, mpaka asilisikie tena.

Jioni Sylvester alikula ameinamia sahani. Apolinaria alimweleza habari ya wapishi, kama ilivyosemwa, asiongeze wala asipunguze.

"Kumbe," alisema Sylvester. Baada ya kitambo akasema tena, "Kumbe," kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuijua. Alinyoosha mkono akalisogeza bakuli la mboga upande wa mkewe. Kisha akaenda kulala.

*

Kesho yake Apolinaria alifika Misa ya alfajiri. Walikuwepo masista, vizee wawili watatu, na harufu ya nguo zilizolowa. Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jua la jana lilipozama, hata maji, na njiani alikuja amekaza midomo kwa sababu manyunyu yalikuwa yakianguka. Padre Mkubwa, mzee wa Kizungu mwenye mkono unaotetemeka, alimfikia kwenye meza ya Komunyo. Apolinaria alifumba macho, akafungua mdomo.

Alijua kwamba Mwili wa Bwana ni uleule, kwa mkono wa padre yeyote. Alilisadiki jambo hilo tangu ubatizo wake, na asubuhi ile alilisadiki. Alirudi benchini, akainamisha uso mikononi, akamwomba Mungu amsamehe, kwa maana alipofumba macho alikuwa amejifanya hajui mkono ule ni wa nani.